Ushuru wa Tumbaku: Njia Yake Kutoka Bungeni Hadi Bajeti ya Halmashauri

Kila mwaka ifikapo mwezi Juni, wananchi wengi husikiliza hotuba ya Bajeti Kuu ya Serikali wakitaka kujua kipi kimepanda na kipi kimeshuka. Sigara, bia na mafuta ndiyo hutawala mazungumzo ya jioni ile. Kwa mkazi wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Chunya, hata hivyo, kifungu chenye uzito zaidi mara nyingi si kile cha pakiti ya sigara. Ni kile kinachorekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ambacho husomwa kwa dakika chache tu na kupita bila makofi. Humo ndimo huamuliwa ni sehemu gani ya thamani ya tumbaku iliyouzwa itabaki katika halmashauri ili kumalizia zahanati, kujenga darasa au kuvikopesha vikundi vya wanawake.

Zao hili lina sifa moja inayolitofautisha na mazao mengine ya biashara hapa nchini. Jani lake hutozwa ushuru linapouzwa na mkulima, na fedha hiyo huingia halmashauri. Likishageuzwa kuwa sigara kiwandani hutozwa tena ushuru wa bidhaa, na fedha hiyo huingia Hazina. Wakati huohuo ipo sheria nyingine kabisa inayolenga kupunguza matumizi yake. Mwananchi anayetaka kuelewa bajeti ya halmashauri iliyoko katika ukanda wa tumbaku hana budi kuzisoma sheria hizo kwa pamoja.

Mamlaka ya kutoza hutoka wapi

Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaelekeza kwamba hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoipa halmashauri nafasi yake. Bunge limetunga Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ambayo ilipitishwa mwaka 1982 ikiwa Sheria Na. 9. Sheria hiyo inataja vyanzo ambavyo halmashauri ya wilaya, mji, manispaa au jiji inaruhusiwa kuvitumia. Halmashauri haiwezi kubuni kodi nje ya mipaka hiyo, hata kama madiwani wote wamekubaliana.

Ndani ya mipaka hiyo, halmashauri hutunga sheria ndogo. Rasimu hutangazwa kwa wananchi ili watoe maoni au mapingamizi, hupitishwa na Baraza la Madiwani, hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa ili aidhinishe, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Kwa hiyo mfanyabiashara au mkulima anapoombwa malipo yoyote ana haki ya kuuliza ni sheria ndogo ipi inayohusika, na ana haki ya kupewa risiti iliyotoka katika mashine ya kukusanyia mapato. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono haithibitishi kuwa fedha imeingia katika mfumo.

Mamlaka haya hayakuwapo wakati wote. Serikali za Mitaa zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Baada ya kurejea zilitegemea sana kodi ya maendeleo, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la kodi ya kichwa, na pia msako wa usiku uliokuwa ukiwafuata wasio na risiti. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Tangu hapo, katika wilaya za vijijini, ushuru wa mazao ndio uliobaki kuwa mhimili wa mapato ya ndani, na katika wilaya za tumbaku mhimili huo umesimama juu ya zao moja.

Kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3

Kwa muda mrefu Sura ya 290 iliruhusu halmashauri kutoza ushuru wa mazao usiozidi asilimia 5 ya bei ya shambani. Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, tumbaku ikiwamo. Marekebisho hayo pia yaliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, hatua iliyopunguza usumbufu katika vizuizi vya barabarani ambako mkulima mwenye magunia machache alikuwa akilipishwa kama mfanyabiashara.

Sheria inamtaja mnunuzi kuwa ndiye mlipaji. Katika tumbaku jambo hili ni rahisi kulisimamia kuliko katika mahindi au maharage, kwa sababu zao hulimwa kwa mkataba na kuuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Mkulima hukausha majani katika bani, huyafunga katika mitumba na kuyapeleka katika soko la chama. Hapo wateuzi hupanga daraja la kila mtumba, mizani husomwa, na bei ya daraja hilo, ambayo hukubaliwa kwa dola ya Marekani, huzidishwa kwa uzito. Kila kilo ina kumbukumbu. Halmashauri haihitaji kuweka kizuizi barabarani. Inahitaji nakala ya taarifa ya mauzo na uangalizi wa kuhakikisha kampuni imelipa.

Hata hivyo, kusema kuwa mnunuzi ndiye anayelipa ni jibu la kisheria. Mnunuzi anapojadili bei ya msimu huweka mezani gharama zake zote, ushuru ukiwa mojawapo, na hoja iliyotolewa mwaka 2017 ilikuwa kwamba kiwango cha asilimia 5 kilikuwa kikimkandamiza mkulima kupitia bei. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini upande wa pili wa hesabu ulibaki katika vitabu vya halmashauri.

Mfano wa namba za kubuni unaonesha ukubwa wa jambo lenyewe. Tuseme wilaya imeuza kilo milioni 4 za tumbaku kwa wastani wa dola 2 kwa kilo, na dola moja imebadilishwa kwa shilingi 2,500. Thamani ya mauzo ni shilingi bilioni 20. Kwa asilimia 5, halmashauri ingepata shilingi bilioni 1. Kwa asilimia 3 inapata shilingi milioni 600. Tofauti ya shilingi milioni 400 haiwezi kuzibwa kwa ushuru wa minada na vibali vya ujenzi katika mji mdogo. Inazibwa kwa ruzuku kutoka Serikali Kuu au kwa kuahirisha miradi.

Makisio huandikwa jani likiwa bado shambani

Ugumu mkubwa wa kupanga bajeti katika wilaya hizi hauko katika kiwango cha ushuru pekee. Uko katika kalenda.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti hutolewa miezi kadhaa kabla, na halmashauri huandaa makisio yake ili Baraza la Madiwani liyajadili kwa kawaida kati ya Januari na Februari. Kutoka hapo makisio hupitia Sekretarieti ya Mkoa, TAMISEMI na Wizara ya Fedha kabla ya kufikishwa bungeni. Mkulima wa tumbaku kwa upande wake husia mbegu kitaluni kabla ya mvua, huhamishia miche shambani mvua zinapoanza, na masoko hufunguliwa kwa kawaida kuanzia Aprili au Mei, yakiendelea kwa miezi kadhaa.

Maana yake ni kwamba madiwani wanapopitisha makisio ya ushuru, hawajui mvua itaishia wapi, hawajui daraja la majani yatakayotoka katika mabani, na hawajui dola itabadilishwa kwa shilingi ngapi siku ya malipo. Zaidi ya hayo, msimu mmoja wa masoko hukatwa na tarehe 30 Juni: tumbaku iliyouzwa Mei huhesabiwa katika mwaka mmoja wa fedha, na ile iliyouzwa Julai katika mwaka unaofuata. Mvua zikichelewa kwa wiki chache, masoko nayo huchelewa, na halmashauri inaweza kufunga mwaka ikionekana imekusanya pungufu ya lengo ilhali fedha ipo njiani.

Katika mfano uliotangulia, tuseme makisio yalijengwa juu ya kilo milioni 5, na mvua ikapunguza mavuno hadi kilo milioni 4. Halmashauri iliyotarajia shilingi milioni 750 itapata milioni 600. Mishahara ya watumishi wengi haitaguswa, kwa kuwa hulipwa na Serikali Kuu. Kinachoguswa kwanza ni miradi inayotegemea mapato ya ndani: bati za darasa ambalo wananchi tayari wamelipandisha hadi usawa wa boma, mafuta ya gari la wagonjwa, posho za vikao na fedha za mikopo ya vikundi.

Mvua si hatari pekee. Wanunuzi wa tumbaku ni wachache, na kampuni moja kubwa iliposimamisha ununuzi mwishoni mwa miaka ya 2010, makisio ya uzalishaji yaliyogawiwa vyama vya msingi yalishuka na mapato ya halmashauri yakashuka nayo. Wanunuzi wengine walipoingia hali ilibadilika, na msimu wa 2022/2023 uzalishaji nchini ulivuka tani 120,000. Mabadiliko hayo makubwa katika muda mfupi ni habari njema kwa mwaka husika, lakini kwa mweka hazina wa halmashauri ni sababu ya kutotumia mwaka mzuri kama kipimo cha miaka yote. Urambo yenyewe ina kumbukumbu ya somo hilo: tumbaku ilishamiri huko baada ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni kushindwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Ushuru wa sigara na sheria ya mwaka 2003

Jani likishafika kiwandani halmashauri ya mkulima haina tena sehemu yake. Sigara hutozwa ushuru wa bidhaa chini ya Sura ya 147, kwa kiwango cha shilingi kwa kila sigara 1,000, na viwango vimekuwa vikitofautishwa kati ya sigara zenye zaidi ya asilimia 75 ya tumbaku ya ndani na nyinginezo, kwa lengo la kulinda soko la mkulima. Kwa kuwa kiwango ni cha shilingi na si asilimia ya bei, thamani yake hupungua kadiri bei za bidhaa nyingine zinavyopanda, na ndiyo sababu Sheria ya Fedha hukirekebisha mara kwa mara. Tangu mwaka 2019 pakiti hubandikwa stempu ya kielektroniki inayoiwezesha Mamlaka ya Mapato Tanzania kujua kiasi kilichozalishwa. Ushuru huu ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Jedwali la Kwanza la Katiba, ilhali Sura ya 290 inatumika Tanzania Bara pekee.

Kwa upande wa afya, Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, inaweka mipaka kwa matangazo, inataka pakiti iwe na onyo la kiafya na inazuia uvutaji katika maeneo ya umma yaliyotajwa. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao ulianza kutumika mwaka 2005. Ibara yake ya 6 inaitambua kodi kuwa njia ya kupunguza matumizi, hasa kwa vijana, na Ibara ya 17 inazitaka nchi wanachama kuwasaidia wakulima na wafanyakazi wa tumbaku kupata shughuli mbadala zenye tija.

Ibara hiyo ya 17 ndiyo inayogusa bajeti za wilaya moja kwa moja, ingawa hutajwa mara chache katika vikao vya madiwani. Halmashauri ya ukanda wa tumbaku iko katika nafasi isiyo ya kawaida: ofisa afya wake anatakiwa kusimamia sheria inayopunguza matumizi ya bidhaa, na mweka hazina wake anaandika makisio yanayotegemea mauzo ya malighafi ya bidhaa hiyohiyo. Majani mengi yanayozalishwa nchini huuzwa nje, kwa hiyo kupungua kwa wavutaji wa ndani hakumpunguzii mkulima soko lake leo. Lakini mkataba huo una nchi wanachama zaidi ya 180, zikiwamo nyingi zinazonunua tumbaku. Halmashauri inayotenga sehemu ya ushuru wa miaka mizuri kwa ajili ya alizeti, ufugaji wa nyuki au miche ya miti inajenga chanzo kingine kabla ya kulazimika.

Mwananchi anaingia wapi

Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo cha juu cha maamuzi katika kijiji, na unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji husomwa, na hapo ndipo vipaumbele vya mpango wa mwaka unaofuata huibuliwa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele hivyo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Kijiji kisichofanya mkutano kati ya Septemba na Desemba huwa kimechelewa, kwa sababu Februari madiwani huwa wamekwishapitisha makisio. Mikutano ya Baraza la Madiwani nayo iko wazi kwa wananchi, ingawa viti vya wasikilizaji mara nyingi hubaki vitupu hadi kuwe na mgogoro.

Eneo moja ambalo mwananchi anaweza kulifuatilia kwa hesabu nyepesi ni mikopo. Mwaka 2018 Sura ya 290 ilirekebishwa ili kuilazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa mapato lindwa, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo utengaji huo ulikuwa maelekezo tu, na halmashauri nyingi ziliuacha mpaka mwisho wa mwaka. Katika mfano wa shilingi milioni 600 za ushuru wa tumbaku, asilimia 10 ni shilingi milioni 60, yaani milioni 24 kwa wanawake, milioni 24 kwa vijana na milioni 12 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoambiwa kuwa hakuna fedha kinaweza kuuliza halmashauri ilikusanya kiasi gani katika robo iliyopita na kupiga hesabu hiyo yenyewe. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro za usimamizi na urejeshaji kubainika, na Serikali ilitangaza kurejea kwake mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, ikiwamo baadhi ya halmashauri kuitoa kupitia benki.

Baada ya mwaka kufungwa, hesabu za kila halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye huwasilisha ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha ripoti hupelekwa bungeni. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujibu hoja. Ripoti ya Serikali za Mitaa huchapishwa kwa umma, na hoja kuhusu mapato yaliyokusanywa bila kupelekwa benki hutajwa humo kwa jina la halmashauri.

Kwa anayetaka kutoa maoni kabla kiwango hakijabadilika, nafasi iko katika Muswada wa Sheria ya Fedha. Muswada huo huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau jijini Dodoma mwezi Juni, kwa maandishi au kwa kufika mbele yake, kabla ya Bunge kuupitisha ili uanze kutumika tarehe 1 Julai. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini. Chama cha msingi kinachotaka kusoma vifungu vinavyohusu ushuru wa zao lake kinaweza kuvitafuta katika sehemu ya muswada inayorekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ambayo kwa kawaida ina kurasa mbili au tatu tu.